Kutawala na Kutunza: Mamlaka ya Mwanadamu Juu ya Uumbaji na Hatima ya Miche Yetu



Nimeombwa katika semina hii ya wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa nieleze mamlaka ya mwanadamu juu ya uumbaji. Sehemu kubwa mnaifahamu, hivyo sitakaa sana hapo. Uwakili ni kutunza mali ya mwingine, na Zaburi ya 24 imeshasema dunia ni mali ya nani. Katika Mwanzo 1:28 mwanadamu anapewa kutawala. Kitenzi hicho cha Kiebrania, radah, ndicho anachotumia Ezekieli katika sura ya 34 anapowashtaki wachungaji waliotawala kondoo kwa ukali. Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, aliandika kwamba mzizi wa uharibifu wa mazingira uko katika mafundisho ya Kikristo. Wengi wamemjibu. Jibu langu ni Mwanzo 2:15.

Hapo mtu anawekwa bustanini kwa kazi mbili, kulima na kutunza. Kutunza ni shamar, kitenzi kilekile cha baraka ya Haruni, Hesabu 6:24, tunayofungia ibada. Kila Jumapili tunamwomba Mungu atufanyie sisi kile alichotuagiza tuifanyie bustani. Kaini naye, alipoulizwa habari za nduguye, alikwepa kwa neno hilohilo.

Sasa nije kwenye miche.

Katika sharika zetu za mteremko wa Kilimanjaro, vijana wa kipaimara hupanda miti wanapohitimu, mwishoni mwa mwaka. Ni jambo jema, wala simlaumu kiongozi yeyote. Waliolianzisha walikuwa na nia njema. Lakini vuli huwa inaishia. Januari na Februari jua ni kali, vijana wamerudi shule, mbuzi wanafunguliwa, na hadi masika yanapofika Machi hakuna kilichobaki cha kunyeshewa. Nimewahi kung'oa mche mkavu nikakuta mizizi imejikunja ndani ya kiriba. Aliyeupanda aliwahi kupigwa picha, kiriba hakukivua. Mwaka unaofuata tunachimba mashimo palepale.

Fomu ya taarifa ya mwaka ina safu ya miche iliyopandwa. Haina safu ya miche iliyo hai. Nimeomba safu hiyo kwa miaka kumi na moja, kwa barua na kwa mdomo. Nimejibiwa kwamba wazo ni zuri na litafikishwa kwenye vikao. Naheshimu vikao. Lakini kisichoulizwa hakitunzwi, na bajeti yetu inathibitisha: kuna fungu la kununua miche, la kumwagilia hakuna.

Napendekeza safu hiyo iongezwe. Napendekeza upandaji uhamishiwe masika, hata kama sherehe itabaki palepale. Kijana wa kipaimara akabidhiwe mche mwanzoni mwa mafundisho, autunze miaka yote miwili, mwalimu wake aukague kama anavyokagua Katekisimu. Kila mche uwe na mtu anayejulikana kwa jina. Miche ya asili kama mringaringa ipewe nafasi, na mikaratusi isisogezwe kwenye chemchemi. Ardhi ya kanisa iliyo ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto iachwe, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu hapo, na sisi hatuna msamaha. Pawe na fungu la maji na uzio. Viriba vivuliwe. Na narudia, fomu ihesabu miche iliyo hai. Usharika wenye miti mitano iliyopona usionekane umeshindwa na ule uliopanda mia ikafa.

Ratiba inaonyesha kwamba saa kumi jioni tutapanda miche uani mwa kituo hiki, na leo ni Novemba. Naomba, ndugu zangu, kabla hatujashika majembe, tuambiwe ni nani atakayeimwagilia Januari.