Mwenye Kukimbia Akimbilie Wapi?

Somo: Hesabu 35:9–15, Kumbukumbu la Torati 19:1–3

Leo nataka tuulizane swali moja tu: mtu aliyekosa, akiona kwamba anafuatwa, akimbilie wapi?

Na tutazame kisa kilichojulikana dunia nzima. Usiku wa kuamkia Jumapili, Machi 3, 1991, katika jiji la Los Angeles huko Marekani, kijana mmoja wa miaka 25, jina lake Rodney King, alikuwa akiendesha motokaa. Alikuwa amekunywa pombe, na ndani ya gari alikuwa na rafiki zake wawili. Askari wawili wa barabara kuu, mume na mke, waliona gari lile likienda mbio kupita kiasi, wakalifuata na kumwashia taa asimame. King hakusimama. Alikuwa ametoka gerezani miezi michache tu iliyopita, tena kwa masharti, naye aliogopa kwamba akikamatwa amelewa atarudishwa humo. Basi akakanyaga mafuta. Askari walisema kwamba motokaa ile ilipita mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Ikatoka katika barabara kuu, ikaingia mitaa ya watu, huku magari ya polisi yakiongezeka nyuma yake.

Mwishowe alisimama. Lakini kufikia hapo mioyo ilikuwa imekwisha kuchemka. Askari wa jiji walimpiga kwa virungu zaidi ya mara 50, wakamvunja mifupa ya uso na kifundo cha mguu. Mtu mmoja aliyekaa jirani alipiga picha za sinema kutoka barazani mwake, na picha zile zikaonekana ulimwenguni kote. Askari wanne wakashtakiwa. Tarehe 29 Aprili, 1992, mahakama iliwaachilia karibu katika mashtaka yote, na siku ile ile jiji likalipuka kwa ghasia. Watu zaidi ya 50 walikufa, na maduka na nyumba nyingi zikateketea. Mwaka 1993 mahakama nyingine iliwatia hatiani wawili kati ya askari wale wanne, wakafungwa. Lakini waliokufa hawakurudi.

Ndugu msikilizaji, sisemi kwamba kijana yule ndiye aliyeyaleta hayo yote. Aliyeshika rungu ana hesabu yake mbele za Mungu, na aliyewasha moto dukani ana yake. Lakini hebu rudi mwanzo wa usiku ule. Palikuwa na nini? Palikuwa na mtu mmoja amelewa, na askari wawili wanaomwambia asimame. Angalisimama pale, jambo lingalikuwa la hakimu na karatasi. Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mkimbiaji hudhani anaiacha hatia nyuma, kumbe amempakia abiria huyo ndani ya gari lake mwenyewe. Mithali sura ya 28, katika mstari wake wa kwanza, yatuonyesha mtu ambaye dhamiri yake peke yake yatosha kumtimua, hata kama nyuma hakuna mtu.

Tufikiri sasa juu ya wale walio mbele ya mbio hizo. Motokaa iendayo kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde moja. Dereva asiyelewa, akiona mtu barabarani, huhitaji sekunde moja au zaidi kabla mguu wake haujakanyaga breki. Pombe huongeza muda huo. Huyapumbaza macho, huifanya mikono kuwa mizito, na wakati huo huo humwambia mtu kwamba yeye ni hodari kuliko jana. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu za kugonga huongezeka mara nne. Na hapo mtilie mtu huyo hofu, king'ora kinalia mgongoni, macho yake yako kwenye kioo cha nyuma badala ya barabara. Ni nani atakayegongwa? Ni mama anayevuka na mtoto wake. Ni kijana wa bodaboda anayetafuta riziki ya mwisho ya usiku. Ni wakristo wanaotoka kwenye mkesha, wakitembea kando ya lami. Hao hawakunywa, wala hawakumfukuza mtu.

Nina neno pia kwa ndugu zetu askari, ambao tunawaombea na kuwaheshimu kwa kazi yao ngumu ya usiku. Mtu aweza kulewa bila kuonja pombe. Anayefukuza kwa muda mrefu hupandwa na damu. Mwanzo alitaka kuwalinda watu, na baada ya maili chache ataka kushinda tu. Hasira ni hasara. Gari lina nambari, polisi wana redio za kupashana habari, na mbele kuna vituo vingine. Mwenye gari aweza kupatikana kesho asubuhi nyumbani kwake. Mtoto aliyegongwa leo hapatikani tena. Kuna saa ambapo kupunguza mwendo ni ushujaa kuliko kuuongeza.

Sasa tusikie shauri la Mungu. Katika somo letu, Bwana alimwagiza Musa kwamba Waisraeli wakiisha kuingia katika nchi yao watenge miji sita, mitatu ng'ambo hii ya Yordani na mitatu ng'ambo ile. Mtu aliyeua pasipo kukusudia aliweza kuukimbilia mmojawapo, ili mwenye kulipiza kisasi cha damu asimkamate njiani na kumwua kwa moto wa moyo. Na Kumbukumbu la Torati laongeza neno ambalo wengi hulipita haraka: wana wa Israeli waliagizwa waitengeneze njia ya kwenda huko. Mungu hakujali mji tu, alijali na barabara. Alitaka mwenye hatia afike akiwa hai.

Lakini angalieni sana. Mji ule haukuwa maficho ya kuikwepa hukumu. Mtu yule alisimamishwa mbele ya mkutano, na mambo yake yakachunguzwa. Aliyeua kwa kusudi hakuokolewa na kuta za mji. Kwa hiyo katika mpango wa Mungu kuna mambo mawili yanayokwenda pamoja: mwenye kosa akubali kuhukumiwa, na mwenye kufukuza akubali kuzuiwa. Yakikosekana hayo mawili, hubaki mbio na damu.

Sisi tunao mji wa makimbilio ulio mkuu kuliko ile sita, ndiye Bwana Yesu. Lakini hakuna anayemkimbilia Yesu huku bado anakanyaga mafuta. Kumkimbilia yeye ni kusimama, kuzima injini, kufungua mlango na kusema, “Ni mimi. Nimekosa.” Zakayo alisimama hivyo nyumbani mwake, akatoa alichowadhulumu watu. Msamaha wa Bwana haukumwondolea deni la kulipa. Ulimpa moyo wa kulilipa.

Rodney King naye twakumbuka neno moja jema kwake. Tarehe 1 Mei, 1992, jiji likiwaka moto, alitokea mbele ya watu akawasihi watulie na kukaa pamoja kwa amani. Baadaye alisema kwamba amewasamehe waliompiga. Lakini pombe ilimsumbua miaka mingi. Mwaka 2012 alikufa maji katika bwawa la kuogelea nyumbani kwake, na uchunguzi ulikuta pombe na dawa za kulevya mwilini mwake. Msikilizaji, waweza kumponyoka askari, waweza hata kupatana na adui zako, na yule anayekufukuza kweli akawa angali ndani ya chupa. Huyo hashindwi kwa mbio. Hushindwa kwa kumwambia mtu leo, mchungaji, au mke, au daktari, “Nisaidie, nimeshikwa.”

Basi na tuondoke na maneno machache ya kutenda. Ukienda kwenye karamu ya harusi au matanga na unajua utakunywa, mpe mwingine ufunguo kabla ya kikombe cha kwanza, maana baada ya cha tatu hutakubali. Usidanganywe kwamba kahawa kali au maji baridi yatakutoa ulevi. Mwili hauondoi pombe ila kwa saa nyingi. Wewe uliye abiria, usinyamaze kwa haya. Mwambie dereva asimame, ushuke. Mama, baba, msimcheke kijana anayejisifu kwamba aliwaacha polisi kwenye vumbi. Na wewe ambaye usiku huu utaona taa nyuma yako na moyo wako ukaruka, simama. Aibu ya kizimbani yapita. Simama, ili wewe uishi, na yule usiyemjua aliye mbele yako barabarani afike kwake.

Tuombe. Ee Mungu wetu, uliyetengeneza njia kwa ajili ya mwenye hatia, wahurumie wanaokimbia usiku huu. Wape ujasiri wa kusimama. Watulize askari wetu mioyo yao. Walinde waendao kwa miguu gizani. Nasi sote utufikishe kwako, katika Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.