Jino Bovu la Simba wa Tsavo



Ni watu wachache sana katika Kenya wasiopata kusikia habari za simba wawili waliowala watu pale Tsavo katika mwaka wa 1898, wakati reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kwenda Ziwa la Viktoria. Habari hizo zimesimuliwa mara nyingi, na katika kusimuliwa zimetiwa chumvi nyingi. Makuli wa Kihindi waliolala katika mahema walisema kwamba hao hawakuwa simba, bali pepo za machifu wawili waliokufa zamani, waliochukizwa kuona reli ikipita katika nchi yao. Wazungu nao waliandika vitabu, na baadaye picha za sinema zikatengenezwa. Lakini simba wenyewe, yaani mifupa yao, meno yao na nywele zilizokwama katika meno hayo, hawakuulizwa neno kwa karibu miaka 100. Walipoulizwa, majibu yao yalikuwa ya ajabu kuliko hadithi zote za pepo.

Kwanza yafaa kueleza walikuwa simba wa namna gani. Wote wawili walikuwa madume wazima, na wote hawakuwa na manyoya marefu shingoni. Watu wa mbali walidhani jambo hili ni alama ya uovu, au kwamba huenda walikuwa majike. Sivyo. Madume wengi wa nyika ya Tsavo wana manyoya haba au hawana kabisa, kwa kuwa nchi ile ni ya joto kali na vichaka vya miiba. Dume wa kwanza, alipopimwa baada ya kufa, alikuwa na urefu wa futi 9 na inchi 8 toka puani mpaka ncha ya mkia, na ilihitajika nguvu ya watu 8 kumbeba.

Kufuatana kwa madume wawili si jambo la kigeni kwa simba. Mtoto wa kiume wa simba akifika umri wa miaka miwili au mitatu hufukuzwa katika kundi la mama yake. Tangu siku hiyo yeye ni mzururaji, na asiye na mwenziwe ana tumaini dogo sana la kupata majike na nchi ya kukaa. Kwa hiyo madume huungana wawili, watatu, au hata zaidi. Katika uwanda wa Serengeti, ambako simba wamechunguzwa bila kukoma tangu mwaka wa 1966, imeonekana kwamba vyama vikubwa vya madume ni vya ndugu waliozaliwa kundi moja, bali wawili wanaweza kuwa wageni waliokutana njiani tu. Hukaa pamoja, hulala pamoja, na hupigana bega kwa bega. Mmoja akipotea, mwenziwe aliyebaki kwa kawaida hanyang'anywi majike yake tu. Watoto wake wachanga nao huuawa na madume wapya. Kwa simba dume, basi, mwenzi si anasa. Ndiye ngao yake.

Hao wa Tsavo walikuwa wawili. Walianza kuchukua watu yapata mwezi wa Machi, 1898, karibu na wakati Bwana J. H. Patterson alipofika kusimamia ujenzi wa daraja la mto Tsavo. Walivunja maboma ya miiba, wakapita katikati ya mioto, wakawaburuta watu kutoka hemani. Tarehe 1 Desemba makuli walichoka. Wakajilaza juu ya reli mbele ya gari la moshi, likasimama, wakalipanda kwa mamia wakaenda zao pwani. Kazi ya daraja ikasimama kwa muda wa majuma matatu hivi. Dume wa kwanza alipigwa risasi akafa tarehe 9 Desemba, na wa pili tarehe 29 ya mwezi huo huo. Ngozi zao zikawa mazulia katika nyumba ya Bwana Patterson kwa miaka 25 hivi, zikikanyagwa na wageni, mpaka alipoziuza pamoja na mafuvu kwa jumba la makumbusho la Field katika mji wa Chicago, Marekani, mwaka wa 1924, kwa dola 5,000.

Hapo ndipo habari ya jino inapoanza. Mtu akilitazama fuvu la dume wa kwanza, ataona kwamba chonge ya chini upande wa kulia imevunjika. Haikuvunjika jana yake. Mwanya wa jino uliachwa wazi, uchafu ukaingia, jipu likafanya usaha katika mzizi, na mfupa wa taya ukageuka umbo lake. Baadhi ya meno madogo ya mbele yaling'oka, na meno ya juu na ya chini hayakukutana tena sawasawa. Bwana Patterson alidai kwamba ni yeye aliyelivunja jino lile kwa risasi usiku mmoja. Wataalamu wa meno walioandika juu ya fuvu hilo mwaka wa 2000 hawakukubaliana naye, kwa maana mfupa haugeuki umbo kwa siku chache. Ni kazi ya miaka. Kilicholivunja labda ni teke la punda milia au kwato ya mbogo.

Kila aliyepata kuumwa na jino usiku kucha anajua jinsi mtu mzima anavyoweza kulia kama mtoto. Basi na afikiri hali ya simba. Simba hamuui mnyama mkubwa kwa makucha. Makucha ni ya kushikia. Huua kwa kuikamata koo au pua ya mnyama kwa chonge zake na kuibana kwa dakika kadhaa, huku mnyama akipiga mateke, mpaka pumzi imkatike. Dume mwenye jipu katika mzizi wa chonge hawezi kubana hivyo bila maumivu makali. Mbogo kwake amekuwa adui asiyekaribika. Bali mtu aliyelala hemani ana shingo nyembamba, ngozi laini, hana pembe wala kwato.

Mbogo wenyewe, hata hivyo, walikuwa wameadimika. Tauni ya ng'ombe iitwayo sotoka iliingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka wa 1890, ikaua ng'ombe na mbogo pia kwa wingi usiohesabika. Ndovu nao walikuwa wamewindwa mno kwa ajili ya pembe, na kwa kuwa ndovu ndiye mvunja vichaka, vichaka vya miiba vikasonga. Tena njia ya misafara ilipita pale pale Tsavo, na kwa miaka mingi wapagazi na watumwa waliokufa kwa uchovu, njaa au ndui waliachwa kando ya njia bila kuzikwa. Simba wa Tsavo hawakujifunza kula watu kwa ajili ya reli. Yaelekea walikuwa wamekwisha kuonja kabla reli haijafika.

Sasa, dume wa pili. Fuvu lake lina jino moja lililovunjika kidogo upande wa juu kushoto, lakini hana jipu, na taya zake zilikuwa nzima. Huyu angeweza kumwangusha nyumbu au punda milia kama simba mwingine yeyote. Kwa nini basi naye alikuwa akiingia mahemani?

Mwaka wa 2009 wataalamu walichunguza mifupa na nywele za simba hao kwa njia ya kikemia. Chakula anachokula mnyama huacha alama yake mwilini: mifupa huonyesha chakula cha miaka mingi, na nywele huonyesha cha miezi ya mwisho. Iligunduliwa kwamba katika miezi yake ya mwisho yapata asilimia 30 ya chakula cha dume mgonjwa kilikuwa watu. Kwa mwenziwe ilikuwa asilimia 13 hivi. Yeye aliendelea kula wanyama wa porini. Kwa hesabu hiyo mgonjwa alikula watu 24 hivi, na mzima watu 11 hivi, jumla 35. Hesabu ya namna hii haiwezi kuwa ya kukata kabisa, na waliofanya kazi hiyo walisema wazi kwamba jumla huenda ilikuwa ndogo zaidi au hata kufika 72. Lakini tofauti kati ya madume hao wawili ni jambo kubwa. Walishirikiana kuvamia, wala hawakushirikiana sawasawa katika kula.

Hapana shaka wako watakaosema kwamba mzima alimhurumia mgonjwa. Hilo ni kumvika simba moyo wa binadamu, na halina ushahidi. Inatosha kusema kwamba mzima alikuwa na faida ya kukaa na mwenziwe, hata mwenziwe akiwa kilema cha meno, kwa sababu dume wa peke yake katika nchi ya madume wengine hana siku nyingi. Kwa hiyo alifuatana naye hata mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa na haja kubwa ya kwenda. Bwana Patterson aliandika kwamba baada ya dume wa kwanza kufa, yule wa pili alikwenda kwenye nyumba ya mkaguzi wa reli, akakamata mbuzi.

Jambo lingine likatoka katika jino lile lile. Katika mwanya wa meno yaliyovunjika nywele zilikuwa zimeshindiliwa tabaka juu ya tabaka, na katika miaka ya 1990 zilitolewa kwa uangalifu. Mwaka wa 2024 wanasayansi walitangaza waliyoyasoma katika chembe za urithi za nywele hizo. Zilikuwa za twiga, choroa, kuro, nyumbu, punda milia na watu. Ya mbogo ilionekana moja tu, kama ambavyo mtu angetazamia baada ya sotoka. Nyumbu ndiye aliyewashangaza, kwa kuwa nchi ya nyumbu iliyojulikana wakati ule ilikuwa mbali na Tsavo. Ama simba hao walitembea mbali kuliko ilivyodhaniwa, ama nyumbu walifika pale. Nywele za simba wenyewe, walizojilamba, zilionyesha kwamba wote wawili walikuwa wa ukoo mmoja upande wa mama. Habari za zamani zilisema ni ndugu, na jambo hilo halikupingwa na nywele.

Juu ya hesabu ya waliokufa, maneno yamekuwa mengi. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1907 Bwana Patterson alitaja makuli wa Kihindi 28, na pamoja nao Waafrika wengi ambao hawakuandikwa mahali popote. Baadaye, katika kijitabu kilichopigwa chapa na jumba la Chicago, hesabu ikapanda mpaka 135. Makuli walikuwa na daftari la mshahara, kwa hiyo kifo cha kila mmoja kilijulikana asubuhi alipoitwa asiitike. Mkamba au Mtaita aliyechukuliwa kijijini kwake, au mpagazi aliyebaki nyuma ya msafara, hakuwa na daftari.

Nywele za watu zilizotolewa katika jino la simba ziko Chicago hata sasa. Wanasayansi wa mwaka wa 2024 walikuwa na uwezo wa kuendelea kuzisoma, na kutafuta marehemu hao walikuwa wa nchi gani na wa kabila gani. Hawakufanya hivyo. Waliandika kwamba huenda jamaa za watu hao wapo, na kwamba kazi ya namna hiyo haifai kufanywa kabla wenyewe hawajashauriwa.