Simu ya Mwajiri na Siri ya Mwajiriwa

 

Ndugu Waislamu, dereva mmoja aliniuliza baada ya darsa: "Ustadhi, ofisi imenipa simu ya kisasa. Bosi anajua hata usiku nilikuwa wapi. Ana haki hiyo?"

Simu ile ni mali ya mwajiri, na kwa mfanyakazi ni amana. Hilo halina ubishi. Mwajiri huweka ndani yake programu ya usimamizi, ambayo kwayo aweza kuifunga ikiibiwa, kufuta yaliyomo na hata kujua ilipo. Kulinda mali si dhulma. Lakini mwenye nyumba aliyekupangisha, kuta ni zake, na hata hivyo haingii chumbani kwako ila kwa idhini. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat imekataza kupelelezana, wala haikumtoa mwajiri katika katazo hilo.

Huko Romania, Bogdan Bărbulescu alifukuzwa kazi mwaka 2007. Kwa agizo la mwajiri alikuwa amefungua akaunti ya Yahoo Messenger ili awajibu wateja. Mwajiri akasoma na kuchapisha hata mazungumzo yake na ndugu yake na mchumba wake. Kampuni ilikuwa imekataza matumizi binafsi, na mahakama za kwao zikaona yatosha. Septemba 5, 2017, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwa majaji 11 dhidi ya 6, ikaamua kuwa haki yake haikulindwa. Kukatazwa ni jambo moja, na kujulishwa mapema kwamba maneno yako yatasomwa ni jambo jingine. Na ile ilikuwa kompyuta ya ofisini. Simu tunalala nayo.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, yamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe madhumuni yake.

Nilimwambia dereva aende kwa bosi kwa adabu, aombe kwa maandishi: simu hufuatiliwa saa zipi, nani huona, na kumbukumbu hukaa muda gani. Wala asiweke humo picha za mkewe. Na mazungumzo ya nyumbani yatoshelezwa na simu yake ya tochi.

Juma lililofuata alirudi. Bosi ameahidi ufuatiliaji utakoma saa 12 jioni. Maandishi bado hajapewa.