Mechi moja, lakini iliandikwa
(Maneno tuliyotoa kwenye mkutano wa wanamemba, Goma)



Mlituomba tuseme juu ya masomo yaliyokatika njiani. Tutaanza na mchezo ambao wengi hapa hatuujui: kriketi. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anaupiga kwa ubao, akilinda vijiti vitatu nyuma yake. Mipira 6 ni ova moja. Basi, inatosha.

John Nagenda alikuwa Mganda, lakini alizaliwa Gahini, Rwanda, mwaka wa 1938. Sisi wa Kivu tunajua lile swali la "umezaliwa wapi?" linavyofunga milango. Alisoma universite ya Makerere, Kampala, akawa mwandishi, na kriketi hakuiacha. Mwaka wa 1975 kombe la kwanza la dunia la kriketi likachezwa Uingereza. Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ziliunga timu moja, Afrika ya Mashariki. Nagenda alikuwemo, miaka 37 tayari.

Tarehe 7 mwezi wa 6, Birmingham, walikutana na New Zealand. Glenn Turner peke yake alipata 171, na hakuna aliyemtoa. New Zealand 309, watu wetu 128. Nagenda alirusha ova 9, wakampiga mikimbio 50, akatoa mtu mmoja. Timu ilipoteza mechi zote tatu. Yeye hakupata tena mechi ya kiwango kile. Kwenye daftari la dunia, hiyo njo kazi yake yote: mechi moja, mtu mmoja. Lakini iliandikwa, na jina liko mpaka leo.

Baadaye aliishi uhamishoni. Baada ya 1986 alirudi, akawekwa kwenye tume iliyosikiliza watu wa Uganda wakieleza mateso waliyoyapata. Akawa pia mshauri wa Museveni. Juu ya siasa ya Kampala kila mtu hapa ako na mawazo yake. Leo tunaiacha pembeni.

Juu ya nini tunawaambia haya? Tunapopita nyumba kwa nyumba kuandika watu wenye kurudi, tunauliza: ulisoma mpaka wapi? Wengi wanajibu: sikusoma. Tukikaa kidogo, maneno yanatoka polepole. Mama mmoja alifanya miaka miwili ya uuguzi kabla ya kukimbia. Kijana mmoja alifundisha watoto kambini miaka mitatu. Walinyamaza juu hawana diploma. Wanaona kitu ambacho hakikumalizika ni kama hakikuwa.

Na kosa ni letu pia. Karatasi yetu ilikuwa na nafasi ya kuandika diploma tu. Kulipotafutwa mtu wa kusaidia wagonjwa hapa kwetu, jina la yule mama halikuwa kwenye orodha. Aliletwa mtu kutoka mbali, na mama alikuwa hapa hapa, anauza makala.

Njo maana tumeongeza mstari mmoja kwenye daftari la ushirika: "Ulifanya nini, hata kama hukumaliza?" Miezi sita ya ushonaji, andika. Mwaka mmoja wa universite, andika. Hatuahidi kazi kwa kila mtu. Ila nafasi ikitokea, tusikose tena jina la mtu wetu.

Katibu ako pale mezani, kalamu iko.