Sindano ya mgongo kwa mama anayejifungua kwa upasuaji: dawa ya pili ni ya nini?

(Mazungumzo na wakazi wa Maua)



Mama akijifungua kwa upasuaji, mara nyingi hudungwa sindano ya mgongo. Si jambo geni: daktari Mjerumani, August Bier, aliitumia mwaka wa 1898. Mama hubaki macho na humsikia mtoto akilia, bila kuhisi maumivu ya kisu.

Dawa ya ganzi inayotumika sana ni bupivakaini. Baada ya saa chache nguvu yake huisha, na kidonda huanza kuuma. Ndiyo maana mtaalamu wa ganzi anaweza kuongeza dawa ya pili katika sindano hiyo hiyo. Fentanili hufanya kazi haraka na husaidia zaidi wakati wa upasuaji. Mofini, hata ikiwa chini ya robo ya miligramu, hutuliza maumivu kwa saa 12 hadi 24. Mama aliyepata nafuu hunyonyesha vizuri na huinuka kitandani mapema, na hivyo hatari ya damu kuganda miguuni hupungua.

Wengi huuliza: je, mofini haitamfanya awe mraibu? Hapana. Kipimo kimoja kidogo hivyo hakileti uraibu, na hakimzuii kunyonyesha.

Hata hivyo, dawa hii ina madhara yake. Mwili unaweza kuwasha, na mama anaweza kuhisi kichefuchefu. Mara chache sana, kupumua hupungua saa kadhaa baadaye. Nyinyi jamaa mnaokaa naye, mkiona anapumua polepole mno au haamki vizuri, mwiteni muuguzi mara moja. Msimpe dawa yoyote mliyotoka nayo nyumbani.

Nawe mama, kabla ya sindano sema kila kitu: dawa zinazokudhuru, dawa za kuzuia damu kuganda, upasuaji wa zamani, na miraa ikiwa umetafuna. Hapa Igembe miraa ni riziki yetu, usione haya. Lakini hupandisha presha na mapigo ya moyo, na mtaalamu lazima ajue.

Ukiwa kliniki ya wajawazito, uliza mapema: “Ikibidi nipasuliwe, mtaniongezea dawa ya maumivu katika sindano? Nani atanipima usiku?” Ni haki yako kujibiwa.