Anayelipwa na Bodi: Asili na Majukumu ya Walimu katika Shule za Kutwa za Miji ya Kitui na Makueni



Nimeombwa nizungumze kuhusu asili na majukumu ya walimu wa shule za mijini. Mada hii nitaibana kwenye shule ya aina moja, ile ya upili ya kutwa iliyo mjini au kando ya mji: Kitui, Mwingi, Mutomo, Wote, Emali, Kibwezi. Humo walimu walioajiriwa kwa njia tofauti kabisa huketi meza moja, hufundisha watoto walewale na husahihisha mtihani uleule. Wengi wetu hudhani kinachowatenganisha ni elimu. Sivyo. Wengi wana shahada zinazofanana, na si ajabu wawili waliosoma pamoja chuoni wakakutana tena katika majilisi moja, kila mmoja na mwajiri wake. Mwalimu atadumu shuleni kwa muda gani, atabebeshwa kazi zipi na malalamiko yake yatafika wapi, hayo huamuliwa na nani anamlipa, na kutoka mfuko gani. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Elimu ya shule katika Ukambani ilianzishwa na mwalimu ambaye serikali haikumwajiri. Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alipiga kambi Nzaui, katika Makueni ya leo, mwishoni mwa 1895. Wamisheni Walutheri wa Leipzig walikuwa wamekwisha kufika Ikutha, kisha wakajenga Mulango karibu na mji wa Kitui, kituo ambacho baadaye kilipita mikononi mwa AIM. Wakatoliki wakaja na shule zao. Mwaka 1945 likazaliwa African Brotherhood Church, kanisa la Waafrika wenyewe, nalo likajenga madarasa. Mara nyingi aliyefundisha kusoma siku za juma ndiye aliyeongoza ibada Jumapili, na mshahara wake ulitegemea misheni ina nini. Chama cha walimu, KNUT, kilipoundwa 1957, madai yake makubwa yalikuwa kwamba walimu wote wawe na mwajiri mmoja. Dai hilo likazaa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, mwaka 1967.

Hata hivyo mwajiri huyo mmoja hakuwahi kutosha. Wito wa harambee ulipotoka baada ya uhuru, vijiji vya Kitui na vya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, vilikuwa tayari na chombo chao, mwethya, yaani vikundi vya kufanya kazi kwa pamoja. Watu walibeba mchanga na maji kutoka mtoni, wakafyatua matofali, wakaezeka. Kisha kamati ikamtafuta kijana aliyemaliza Kidato cha Nne aje afundishe huku serikali ikisubiriwa. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu siku hizi tunamzungumzia mwalimu wa bodi, yule anayelipwa na bodi ya shule badala ya TSC, kama kiraka cha muda. Ukweli ni kwamba shule kadhaa tunazojivunia katika kaunti hizi mbili zilifunguliwa na mtu wa namna yake.

Leo shule ya umma imewekwa mikononi mwa bodi ya usimamizi, BOM, chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Wazazi wana viti sita katika bodi hiyo na mfadhili, ambaye kwa kawaida ni kanisa, ana vitatu. Jambo moja linawapita wengi: sheria hiyo inapoipa bodi kazi ya kuajiri, inawataja wafanyakazi wasio walimu. Kuajiri walimu ni mazoea yaliyotokana na shida. TSC isipoleta mwalimu wa Fizikia, bodi haiwezi kuwaambia wanafunzi wasubiri mwaka mwingine. Huko Marekani, tangu jimbo la Minnesota lilipopitisha sheria yake mwaka 1991, kuna shule za umma zinazoendeshwa kwa mkataba na bodi zinazojitegemea, na nyingi ziko mijini. Zinapokea fedha za serikali na kujichagulia walimu, na moja ya hoja kubwa za wanaozikosoa ni kwamba walimu wake wengi ni vijana wasiokaa sana. Wenzetu wale angalau wameyaandika mambo hayo katika sheria. Sisi tumeyaacha katika kumbukumbu za mikutano ya bodi.

Tuingie majilisini. Ukutani imebandikwa ratiba kubwa, na kila mwalimu ana herufi zake mbili au tatu. Ratiba haisemi nani ni wa TSC na nani ni wa bodi, na mwanafunzi naye hajui. Mwalimu wa bodi ana namba ya TSC kama mwenzake, maana Sheria ya TSC ya 2012 hairuhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa. Ana cheti cha usajili. Barua ya ajira hana. Mara nyingi ni mtoto wa hapahapa, pengine alisoma katika shule hiyohiyo. Tangu Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kipate hati yake mwaka 2013 pale Kwa Vonza, kijana wa Kitui anaweza kusomea ualimu bila kuvuka mpaka wa kaunti, akamaliza, akarudi nyumbani na kuanza kusubiri. Kila TSC inapotangaza nafasi hupeleka vyeti vyake, akahojiwa, akarudi darasani. Katika alama za usaili, miaka iliyopita tangu ahitimu huhesabiwa. Kusubiri kwenyewe kumekuwa sifa ya kazi.

Mwalimu wa TSC anaweza kuwa ametoka mbali zaidi. Sera ya mwaka 2018 ya kuwahamisha walimu nje ya kaunti zao, hasa walimu wakuu, ilileta sura mpya katika shule zetu na kuwapeleka wetu kwingine, hadi ilipolegezwa miaka michache baadaye. Katika Emali, Kibwezi na Mtito Andei, miji ya barabara kuu ya Mombasa, wanafunzi nao ni mchanganyiko, kwa hiyo mgeni hapati taabu kubwa. Lakini mkutano wa wazazi ukifanyika Mutomo au Kyuso, na bibi kizee amesimama kuuliza kwa Kikamba kwa nini mjukuu wake ameshuka katika Hisabati, anayeitwa kutafsiri ni mwalimu wa bodi. Anayemjua mzazi ni yeye. Anajua pia ni nani amefiwa, nani anachunga ng'ombe asubuhi kabla ya kuja shuleni, nani amepanga chumba peke yake mjini kwa sababu kwao ni mbali. Hao wa kupanga vyumba ni mzigo ambao shule ya kutwa haikuundiwa. Mtoto wa miaka 15 anajipikia, analala bila mkubwa, na akiugua usiku anayepigiwa simu ni mwalimu. Mwalimu wa darasa anageuka mlezi, bila kipindi kwenye ratiba wala shilingi ya kazi hiyo.

Sasa nije kwenye mfuko, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini. Serikali hulipia karo ya mwanafunzi wa kutwa, shilingi 22,244 kwa mwaka tangu 2018. Mzazi huchangia chakula cha mchana, na mara nyingi katika mchango huohuo ndimo bodi inapotafuta mshahara wa walimu wake. Maana yake ni kwamba isyo (mahindi na maharagwe) ya mchana na mwalimu wa Kemia wanagombea shilingi moja. Fedha za serikali zikichelewa, mwalimu mkuu ana maamuzi mawili, na yote ni machungu: apunguze maharagwe au amwambie mwalimu avumilie. Mwalimu ndiye anayeambiwa avumilie. Sufuria haina subira, na mtoto mwenye njaa akienda nyumbani saa saba harudi.

Shilingi ya mzazi nayo inafuata mvua. Katika kaunti hizi tunategemea zaidi mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba. Ndengu za Kitui huvunwa kati ya Januari na Februari, na maembe ya Makueni yanakuwa sokoni miezi hiyohiyo, mengine yakipelekwa kiwandani Kalamba. Kwa hiyo muhula wa kwanza mfuko una kitu. Muhula wa pili unaangukia baada ya mvua za masika, ambazo kwetu haziaminiki. Muhula wa tatu ndio mkavu kuliko yote: akiba imeisha, mvua hazijanyesha, na mtihani wa KCSE uko mlangoni. Mwalimu wa bodi hupata malipo pungufu au ya kuchelewa katika miezi ambayo shule inamhitaji zaidi, anapokaa na watahiniwa hadi jioni na kusimamia majaribio ya maabara. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, misimu ilipokatika mfululizo, bodi nyingi ziliwategemea walimu wanaokula kwa deni dukani. Nimewaona walimu hao wakiingia darasani wakiwa wamepiga pasi, wameandaa somo, na hakuna mwanafunzi aliyeweza kujua. Nawaheshimu sana.

Mfuko huo ulipata pigo jingine. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, na mwaka 2025 shule za upili hazikupokea Kidato cha Kwanza. Darasa zima lilikosekana, na mchango wa wazazi wake pia. Wa kwanza kuambiwa asirudi muhula unaofuata alikuwa mwalimu wa bodi. Wakati huohuo wanafunzi waliongezeka katika sekondari msingi, iliyoanzishwa Januari 2023 ndani ya viwanja vya shule za msingi. Huko TSC ilipeleka walimu wanagenzi kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, watu wa shahada wakifanya kazi kamili ya mwalimu. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua Aprili 2024 kwamba mpango ule ulikiuka Katiba, ukafuata mgomo, na Januari 2025 walimu 46,000 wakapewa ajira ya kudumu. Nililifurahia sana jambo hilo. Lakini mwanagenzi alikuwa na mwajiri mmoja wa kumshtaki na maelfu ya wenzake wa kusimama naye. Mwalimu wa bodi yuko peke yake mbele ya wajumbe wa bodi anaowajua kwa majina, mmoja pengine mjomba wake, mwingine mchungaji wake.

Ujirani huo una hatari zake na sitazificha. Bodi inaweza kumpa kazi mtoto wa mjumbe na kumwacha mwenye somo linalohitajika. Mfadhili anaweza kutaka muumini wake. Mwalimu mkuu anaweza kumpa mwalimu wa bodi zamu za wikendi, michezo, ulinzi wa chakula na safari za mashindano ya tamthilia, akijua hatakataa. Mwalimu wa TSC ana fomu za tathmini ya kazi yake, TPAD, za kujaza tangu 2016, ana mkurugenzi wa kaunti ndogo na ana chama. Mwenzake ana hisani ya mkuu wake.

Nini kifanyike? Ajira zaidi za TSC tunazidai sote na tuendelee kuzidai, hasa baada ya Gredi ya 10 kuanza Januari 2026 na mikondo yake mitatu ya masomo, ambayo itazilazimu shule ndogo za kutwa kutafuta walimu wa masomo ambayo hazikuwa nayo. Yapo, hata hivyo, mambo ambayo bodi zilizowakilishwa katika ukumbi huu zinaweza kuyafanya bila kusubiri Nairobi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Inasema pia kwamba kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha muhula baada ya muhula kwa makubaliano ya mdomo ana haki ambazo bodi imezifumbia macho, na siku akienda mahakamani wajumbe watashangaa. Aandikiwe. Michango yake ya NSSF na ya bima ya afya ya SHA ipelekwe, hata mshahara uwe mdogo kiasi gani.

La pili ni la kupanga fedha. Kwa kuwa mvuno unakuja mwanzoni mwa mwaka, sehemu ya mchango wa muhula wa kwanza itengwe kwa mshahara wa muhula wa tatu, iwekwe katika akaunti yake, na mhasibu aisome hesabu hiyo mbele ya wazazi. Makueni ina desturi ya wananchi kuketi na kupitia miradi ya kaunti kwa jina na kwa shilingi. Wazazi waliozoea hilo hawawezi kushindwa na bajeti ya walimu wanne au watano. Mwenye ndengu au maembe lakini hana fedha taslimu apokelewe mazao kwa bei ya soko, yaingie stoo ya chakula, na thamani yake iandikwe kwenye stakabadhi yake ya karo. Zipo shule zinazopokea mahindi na maharagwe kwa njia hiyo tayari.

La mwisho linahusu miaka inayopotea. Mwalimu mwenye shahada akiajiriwa na TSC huanza daraja la C2, awe amefundisha chini ya bodi miaka minane au hajawahi kushika chaki. Miaka ile haiingii katika mshahara wala katika pensheni. Kulibadilisha hilo kunahitaji TSC yenyewe, na naomba semina hii ipeleke pendekezo kwa maandishi kupitia KNUT na KUPPET, chama cha walimu wa shule za upili. Lakini TSC haiwezi kuhesabu miaka ambayo hakuna karatasi inayoithibitisha. Kila bodi na ifungue faili la kila mwalimu wake: masomo aliyofundisha, vipindi kwa wiki, madarasa aliyofikisha kwenye KCSE, tarehe ya kuanza na ya kuondoka, sahihi ya mwenyekiti na muhuri wa shule. Nimekuja na nakala za fomu ya ukurasa mmoja kwa kazi hiyo. Ziko mezani pale mlangoni, na naomba kila mwalimu mkuu achukue moja kabla ya mapumziko ya chai ili tuijadili katika vikundi.