Vimelea vya Mifugo na Afya ya Binadamu, Malindi na Kilifi: Suala la Funza



Mada niliyopewa ni vimelea vya mifugo na hatari yake kwa binadamu. Ni pana, na sehemu kubwa mnaijua, basi nitaipita mbio. Kimelea huishi juu au ndani ya mwili wa kiumbe kingine na kupata riziki humo. Tegu wa ng'ombe hutuingia kwa nyama isiyoiva. Ndorobo wa msitu wa Arabuko-Sokoke huwaletea ng'ombe wetu nagana, ila malale ya binadamu hapa Kenya yalikuwa ya upande wa magharibi, kuelekea mpaka wa Uganda. Kuna pia tegu wa mbwa, ambaye mayai yake huzaa mafuko ya maji katika ini na mapafu ya mbuzi, kondoo na watu. Turkana ndiko yalikovuma zaidi. Kinga kubwa ni ini bovu lisitupiwe mbwa nyuma ya machinjio. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura 356, inawapa wakaguzi uwezo wa kulizuia. Mwenye swali juu ya hayo tutakutana kwenye chai.

Muda uliobaki nauomba kwa funza.

Najua wapo wanaojiuliza funza amefikaje katika mada ya mifugo. Swali hilo ndilo nililohangaika nalo miaka yote. Mdudu huyu alitoka Amerika Kusini, akaingia Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, akavuka bara zima na misafara hadi pwani ya mashariki kabla ya karne ile kwisha. Hamjali mwenyeji wake ni nani. Jike hujichimbia katika wayo wa mtoto, katika vidole vya mbwa, na katika chuchu za nguruwe hadi vitoto vyake vikashindwa kunyonya. Huko wilaya ya Bugiri, Uganda, waliochunguza wanyama walimkuta zaidi kwa nguruwe na mbwa, na mbuzi wachache. Kwetu nguruwe si wengi. Mbwa, mbuzi na kuku hatuna upungufu nao.

Akishaingia, jike huvimba kufikia ukubwa wa punje ya choroko na zaidi, na kwa wiki chache za uhai wake hudondosha mayai kwa mamia. Mayai hayabaki mguuni. Huangukia sakafuni, na katika vumbi kavu la nyumba ya udongo huwa viluwiluwi, kisha viroboto wazima, ndani ya wiki tatu hivi. Ndiyo maana msimu wa kaskazi, ardhi ikikauka, kilio huzidi. Uchunguzi uliofanywa Kakuyuni na Malanga, katika kaunti hii hii, ukachapishwa mwaka 2017, ulikuta mtu mmoja kati ya kila wanne ana funza. Waliolemewa zaidi ni watoto na wazee. Anayechokolewa kwa pini ya pamoja anaweza kutoka na pepopunda, au virusi vya mwenzake.

Sasa tunafanya nini? Tunakusanya watoto chini ya mwembe, tunawaosha miguu kwa maji ya zambarau ya pamanganeti, tunapiga picha, tunaondoka. Jioni mtoto analala chumba kile kile, mkeka juu ya vumbi, kuku anaatamia pembeni, mbuzi wamefungwa ndani kwa kuogopa wezi. Si uzembe wa mama huyo. Mbuzi ndiye karo ya shule, nani amwache nje? Basi mtoto anarudi kliniki na miguu ile ile, na mtu anaandika kwenye ripoti kwamba jamii haizingatii usafi. Maneno hayo yananiudhi, niwie radhi mwenyekiti.

Dawa bora zipo. Katika jaribio la hapa Kenya lililochapishwa mwaka 2014, mafuta ya dimetikoni, yanayomziba funza pumzi, yaliua asilimia 78 ya funza kwa siku saba, dhidi ya 39 za pamanganeti. Katika jaribio la Kilifi la mwaka 2019, mafuta ya mwarobaini na nazi hayakushinda pamanganeti sana kwa kuua, lakini yalituliza uvimbe na maumivu mapema. Yote hayo ni ya mguu. Mbwa na sakafu havina dawa katika mpango wowote niliowahi kukabidhiwa.

Bila kuilaumu idara yoyote: tangu 2013 afya na mifugo zote ziko chini ya serikali ya kaunti, lakini kila moja ina bajeti yake. Nikiomba dawa ya kupulizia viroboto katika idara yangu ya mifugo, naambiwa funza ni wa afya. Afya wakiulizwa kuhusu mbwa, wanasema mbwa ni wa mifugo. Kitaifa nako, orodha ya 2015 ya maradhi matano ya kipaumbele yanayotoka kwa wanyama ilitaja kimeta, malale, kichaa cha mbwa, brusela na homa ya Bonde la Ufa. Funza hamo.

Napendekeza, kwa hiyo, kwamba timu ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo tayari inawashika mbwa kijiji kwa kijiji, iwakague vidole na kuandika ilichokiona. Pili, nyumba ikitibiwa mtoto, siku hiyo hiyo mbwa na mbuzi wa nyumba hiyo watibiwe na sakafu ipuliziwe. Tatu, idara mbili zipange bajeti moja ya funza. Nne, vibanda vya mbuzi vyenye kufuli vijengwe karibu na dirisha la mwenye nyumba, ili mbuzi atoke chumbani bila hofu ya mwizi. Tano, dimetikoni inunuliwe. Sita, sakafu: watafiti wamejaribu sakafu za saruji Kwale na Bungoma, kaunti ianze na vyumba vya kulala vya nyumba zilizoathirika zaidi, kwa saruji na udongo wa hapa hapa. Saba, na narudia, bajeti iwe moja. Nane, neno "uchafu" litolewe kwenye fomu za rufaa za watoto hawa. Tisa, mbwa wakaguliwe kabla kaskazi haijaanza, yaani Novemba, si Machi tukishakuja na kamera.